Ramani ya Kiwanda cha Mashati

Saa tatu na robo asubuhi mchora ramani alimaliza kupanga cherehani ya arobaini, akanywa chai iliyokwisha kupoa, akaanza kupima mlango wa nyuma. Ramani ilikuwa ya mchezo wa kompyuta, ile michezo ya kufyatuliana risasi mtandaoni: wanne kwa wanne, dakika sita. Mkubwa wa ofisi alitaka jengo lenye njia nyembamba na pa kujibanza, liwe tayari mwisho wa mwezi. Mchora ramani hakuhangaika kubuni. Alilijua jengo moja vizuri, kiwanda cha mashati alichofanya kazi dada yake mkubwa, mpaka siku kilipoungua huku mlango wa nyuma umepigwa kufuli ili wafanyakazi wasitoke na vitambaa. Dada alifia pale pale mlangoni, pamoja na wenzake kumi na wanne. Mwenye kiwanda alitoa pole, akajenga kingine.

Kwenye ramani mlango ulichorwa kama ulivyokuwa, na kufuli lake.

Jumanne dada alikuwa ameketi kwenye cherehani ya nane, mstari wa dirishani, anashona kola. Hakuna aliyemchora. Mchora ramani alivaa hedifoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Unakula kweli?"

"Nakula."

"Muongo wewe. Haya, nifungulie huo mlango. Nimechoka kukaa humu."

Kufungua ni kubofya mara mbili tu. Mchora ramani alibofya, na mwanga wa uani ukaingia hadi kwenye mstari wa tatu. Dada aliutazama, akasema anakuja, amalizie kola kwanza. Ndivyo alivyokuwa, hata nyumbani hakuweza kuacha sahani moja haijaoshwa.

Saa nne wajaribu mchezo waliingia, wanane, wakiongozwa na mmoja aitwaye Kijiko kwa wembamba wake. Waliokuwa wanashindwa walitoka kwa mlango wa nyuma, wakazurura uani. Risasi mbili tu zilipigwa, na zote zilikwenda ukutani. Kijiko aliandika kwamba mlango ukiwa wazi hakuna mchezo, watu wanatoka zao tu. Kuhusu mwanamke wa cherehani ya nane aliandika kwamba risasi hazimpiti, na kwamba ana heshima.

Mkubwa alisoma ripoti, akaufunga mlango mwenyewe, kisha akaweka nywila yake juu ya ramani nzima ili mtu asichezee vipimo. Dada alikuwa ameshasimama mlangoni, mkoba begani.

"Dada yangu yumo ndani," mchora ramani alisema.

"Namwona. Anaichelewesha kompyuta?"

"Hapana."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Mchora ramani alirudi mezani. Aliona aibu mpaka mchana, halafu hata aibu yenyewe ikapita, akachora mabomba ya dari.

Alhamisi mama yao alikuja kwa mabasi mawili. Mapokezi walimpa kitambulisho cha mgeni, akakivaa shingoni, akaketi mbele ya skrini na kumweleza bintiye habari za nyumbani: paa limezibwa, jirani wa chini amehama, hatimaye. Walicheka kidogo. Kisha mama aliomba kuonana na Mkubwa.

"Baba, samahani kwa usumbufu. Ni ule mlango tu."

"Mama yangu, nakuelewa kabisa, na pole sana. Lakini mlango ukifungwa ndipo watu wanakutana. Ukifunguliwa, hatuna kitu."

Mama alimshukuru kwa muda wake. Kwenye ngazi alimwambia mwanawe asigombane na watu kazini. Alilia ndani ya basi la pili, kwa sababu la kwanza lilijaa na alikuwa amesimama.

Ramani ilitoka kwa wachezaji mwisho wa mwezi. Haikupita wiki wakagundua kwamba mtu akichuchumaa nyuma ya mwanamke aliyesimama mlangoni hapigwi. Wakawa wanapigania nafasi ile. Waliisifu sana. Dada alisema kelele amezizoea, ila wanamkanyaga miguu.

Mkubwa alifurahi. Alimwita mchora ramani akamuuliza kama wale wenzake dada hawawezi kuja nao, maana upande wa kushoto palikuwa patupu. Mchora ramani alisema ataulizia. Akaulizia kweli.

Dada aliuhamishia mkoba bega la pili.

"Nimeshawaambia wasije, mlango umefungwa," alisema. "Wanasema labda sikuusukuma vizuri."

Jumatatu walifika kumi na wanne. Walimsalimia mchora ramani mmoja mmoja, na kila aliyeingia alikwenda kwanza kuusukuma mlango, halafu akatafuta cherehani yake.