Glavu za Mama Mkubwa

Programu ya stoo ndiyo ya kwanza Kiraka kuiandika maishani mwake, na wiki hii ilitaka kumfia mikononi. Karakana ilikuwa imeleta kompyuta mpya zenye mfumo mwingine kabisa, na programu ilipowekwa humo iligoma hata kufunguka.

"Isipofanya kazi Ijumaa," meneja alisema, "tunanunua ya watu wengine."

Kiraka, aliyepachikwa jina hilo kwa kupenda kufufua vitu vya zamani, alikaa na kaka yake kuchagua zana ya kuiandikia upya kwa mfumo huo mpya. Kaka mtu alikuwa ameshapenda, tena kwa macho mawili.

"Tazama vitufe hivi, mdogo wangu! Vinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Unagusa kioo tu, kazi imekwisha. Hiyo zana yako ya kijivu inachora tangazo la msiba."

"Tangazo la msiba haligandi," Kiraka alijibu, ila moyoni vile vitufe vilikuwa vimeshamkonyeza. Angevichagua kama asingepita stoo Jumatano kumwona mama yao mkubwa, mtunza stoo, akiwa kazini.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Usiegemee hapo, utaondoka na grisi ya bure."

Mama mkubwa alivaa glavu nene zilizolowa grisi. Fundi akiitisha beringi, yeye macho yako rafuni, kidole kinabonyeza kibodi ya kompyuta ya zamani bila kuangalia, lebo hiyo inatoka kwenye printa. Kipanya alikifungia drooni siku kilipomteleza. Asubuhi nzima glavu hazikuvuliwa hata mara moja. Kiraka alirudi nyumbani mbio, akaishika zana ya kijivu. Kaka yake akang'ang'ania yake.

Ijumaa wakaja wote wawili, kila mmoja na toleo lake la programu. Kaka akatangulia. Mama mkubwa akagusa kioo. Kimya. Akagusa tena, kikabaki doa la grisi juu ya kitufe.

"Vua glavu kwanza, mama mkubwa."

"Nivue mara mia kwa siku? Utakuja wewe kunivalisha?"

Mafundi dirishani wakaangua kicheko.

Zamu ya Kiraka. Kidole cha mama mkubwa kikaenda kwenye kibodi, kilikozoea, skrini ya kijivu ikafunguka papo hapo. Lebo haikutoka. Meneja akatazama saa yake. Kiraka akaanza kukariri mistari yote aliyoiandika, akitafuta alipokosea. Ndipo printa ikakohoa, ikatema lebo.

Meneja aliisoma juu hadi chini. "Inabaki hii."

Kiraka alitaka kujibu kama mtu mzima, akajikuta anaruka.

"Haya, umeshinda," kaka yake alisema. "Lakini kijivu chote hicho, jamani? Nipe kitufe kimoja tu nikipake kijani."

"Kimoja. Na umwombe mwenye stoo."

Mama mkubwa hakuwasikia. Alikuwa ameshamkabidhi fundi beringi yake na anamwita anayefuata.