Mbuzi wa Ubatizo wa Faradji

Hapa kwetu Kasongo hata Mkatoliki akifanya karamu, mbuzi huchinjwa na Mwislamu, ili jirani yeyote ale bila wasiwasi. Mchinjaji wa mtaa wetu alikuwa Faradji. Na huyo huyo Faradji ndiye niliyemfundisha katekisimu, mimi Bulaimu, katekista, hadi Jumapili ile akabatizwa.

Asubuhi, kabla ya misa, alichukua kisu, akamlaza mbuzi wa karamu yake mwenyewe, akasema Bismillahi, akachinja. Nilikuwepo, tena mimi ndiye niliyeshika miguu ya mbuzi. Akili zetu zilikuwa wapi, sijui. Mikono ilifanya ilichozoea.

Mama yake, Mama Nuru, alikuja kwa pikipiki kutoka Kabambare, mgongo ukimuuma. Kanisani hakuingia, ila alitusubiri barazani kwa mwanawe. Faradji alikuwa na hofu moja tu. Aliniambia kwamba mama akikataa kula kwake leo, basi amempoteza.

Sahani ilipomfikia, Mama Nuru aliuliza, "Nani alichinja?"

"Ni mimi, mama. Asubui, nilikuwa sijabatizwa bado."

Akaweka sahani chini, akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye ulimufundisha. Saa ile anachinja, moyo wake ulikuwa kwetu ao kwenu? Kama ulikuwa kwetu, nitakula. Kama ulikuwa kwenu, mutanisamehe."

Loo! Kila siku nawaambia wanafunzi wangu kwamba imani hutangulia, maji hufuata. Na asubuhi ile ile, kisu bado mkononi, Faradji alikuwa ameniambia, "Mwalimu, mimi niko wa Yesu tayari." Lakini mama wa watu ana njaa ya safari, na mwanawe amesimama pale na shati lake jeupe, hapumui. Nikachanganyikiwa kabisa. Ukweli ni upi hapa?

"Ulikuwa kwenu, mama," nikasema.

Mama Nuru akanawa mikono, akala. Akamega kipande cha nyama, akamlisha Faradji kwa mkono wake mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikafurahi, wallahi nikafurahi.

Faradji alitafuna polepole, kisha akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, sasa leo padri alimubatiza nani?"

Mama yake akaomba aongezewe wali, nami nikainuka haraka kumpakulia.