Stika za Matangani

Mume wa jirani yake alipofariki, Moreen Nabangala alilia kwa dhati. Marehemu Faustino, askari polisi mpole, ndiye aliyemtafutia nyumba ya kupanga pale Makindye alipovuka mpaka kutoka Bungoma, na mkewe Acayo ndiye mtu wa kwanza kumwita dada katika mji huo. Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini yalipokauka, likaja wazo.

Moreen alikuwa ameacha kazi ya kupika katika hosteli moja ya wanafunzi huko Wandegeya, ili aanze biashara yake mwenyewe ya kupikia watu kwenye sherehe. Mapishi aliyajua, wateja ndio hawakumjua. Bei ya tangazo la redio haikushikika, na picha alizoweka kwenye simu zilisifiwa na shangazi zake wa Bungoma, ambao wasingeweza kuja kula. Mwishowe akachapisha stika za rangi ya chungwa zenye jina lake, namba ya simu, na maneno aliyoyatunga kwa Kiswahili, maana aliwalenga askari, wanaokitumia kazini, na Wakenya wenzake: Ukionja leo, kesho utarudi.

Sasa uani kwa Acayo, chini ya tenti, wangekaa maafisa na wake zao, watu wenye harusi na ubatizo mbele yao. Akamwendea Acayo, akamwambia asihangaike na chakula cha siku ya misa, kabla ya mwili kupelekwa Gulu kuzikwa. Yeye angepika, tena bure. Acayo alimshika mikono yote miwili, akamshukuru.

Wamalwa, mume wa Moreen, alipomkuta akibandika stika kwenye mifuniko ya vibakuli, alimwuliza kama ana hakika. Moreen akajibu kwamba chakula ni cha bure, sasa stika itamdhuru nani? Wamalwa akainua mfuniko mmoja, akausoma, akaurudisha. Moreen alijua kwamba hakuridhika, lakini akaendelea kubandika.

Chakula kilipendwa. Pilau ilikuwa ya kuchambuka, na mchuzi wa karanga ulifanya watu wafute vibakuli kwa kidole. Acayo akasimama na kitambaa chake cheusi kichwani.

"Huyu Mama Whitney si wa kabila letu, wala si wa nchi yetu," alisema, akimwita Moreen kwa jina la mwanawe. "Leo ametupikia kwa mkono wake na hakutaka kitu. Mungu amuone."

Watu wote wakamgeukia. Moreen akainamisha kichwa kama mnyenyekevu, huku akichungulia ni nani anayesoma mfuniko.

Lakica, mama mzazi wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani na bakuli lake mapajani. Hakujua kusoma. Alimwonyesha binti yake Aciro ile stika, akamwuliza kama ni sala ya kumwombea Faustino. Aciro alisoma kimya, akasita. Mama akasisitiza. Basi akaisoma kwa sauti, kisha akamfasiria kwa Kiacholi.

Watu chini ya tenti wakaacha kula. Katika nyumba yenye msiba hakuna anayependa kuambiwa kwamba kesho atarudi.

"Turudi kesho?" Lakica akauliza polepole. "Kumzika nani?"

Akaweka bakuli chini, wala hakuligusa tena.

Hakuna aliyemkaripia Moreen. Alitamani wamkaripie. Mmoja aligeuza mfuniko wake juu chini, mwingine akaanza kukwangua stika kwa ukucha, naye Moreen akapita kati ya viti akikusanya mifuniko. Stika hazikubanduka; alikuwa amechagua gundi nzuri. Acayo akamfuata hadi nyuma ya jikoni.

"Ungeniambia tu, Mama Whitney," alisema, bila hasira. "Ningesimama mimi mwenyewe nikaitangaza biashara yako."

Mwili ukaenda Gulu. Wiki ile ile simu ikalia. Mke wa afisa mmoja alitaka chakula cha ubatizo, akauliza, "Wewe ndiye yule wa matangani?" Moreen alikiri kwamba ndiye. Kazi aliichukua, akapika vizuri, na kutoka hapo akapata nyingine, na kila mteja alimwita kwa jina hilo.

Acayo aliporudi na mama mkwe wake, Moreen alizunguka njia ya nyuma siku kadhaa asionane nao. Hatimaye alikwenda. Maneno yote aliyoyapanga yalimtoka kichwani.

"Mama, nisamehe," alimwambia Lakica. "Nililia kweli. Lakini nilitaka na wateja."

Acayo akatafsiri. Mama mzee alisema taratibu, naye Acayo akayageuza maneno yake kwa Kiswahili huku akitazama pembeni.

"Anasema tangu mwanawe afe hakuwa ametia kitu mdomoni. Chakula chako ndicho cha kwanza kumpita kooni. Kilikuwa kitamu."

Moreen akaketi. Aliletewa chai, akainywa ikiwa bado ya moto, macho yake yakiwa kwenye kikombe, mpaka ikaisha.