Pua ya Tarumbeta

Kwenye kantini ya kiwanda cha magodoro, jina la mpishi mkuu watu walishalisahau. Walimwita Tarumbeta. Na utamwitaje mtu ambaye akipenga kamasi jikoni, washonaji kule ndani wanasimamisha mashine? Pua yake ilikuwa imeziba miaka nenda rudi. Alilala ameketi, mdomo wazi, kichwa kikimgonga hadi asubuhi, na harufu, iwe ya maua au ya choo, hakuijua tena.

Sasa mpishi asiyenusa anapikaje? Anapika kwa ulimi wa mwenzake. Ulimi wenyewe ulikuwa wa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtunza stoo wa kantini hiyohiyo. Kila mchana shemeji alichovya kijiko, akafumba macho kwa utamu, akatangaza kwamba mchuzi umekolea. Tarumbeta alivimba kichwa. Wafanyakazi wakishikwa na matumbo alasiri, yeye alilaumu maji ya bomba.

Daktari wa pua alimpiga picha, akamwambia vinyama vimeota puani hadi vimejaza matundu yote ya ndani ya mifupa ya uso, na dawa za kupuliza zimeshindwa kazi. Limebaki la kupasua. Tena si upasuaji wa kitoto: ni kuchokonoa karibu na jicho, karibu na ubongo, na vinyama vyenyewe vinaweza kuota upya. Akampa vidonge vikali vya kupunguza uvimbe kwa muda, aende nyumbani akafikirie.

Afikirie nini, na ndugu wameshafikiria kwa niaba yake? Mkewe alilia. Mama mkwe alimkumbuka mtu aliyepasuliwa pua akaamka hajui jina lake. Lakini aliyetia fora ni shemeji. Alikuja na mfuko wa nyama laini, kama kawaida yake kila mwisho wa wiki, akamshika mpishi mkono, akaongea kwa sauti ya msibani.

"Shemeji, jicho likitoboka nani atakuongoza jikoni? Mbona tunaishi vizuri tu na pua hiyohiyo?"

Tarumbeta nusura alie. Kupendwa huku, jamani! Akakata shauri kwamba hapasuliwi ng'o. Vidonge atameza tu, asionekane mkaidi.

Vidonge vikafanya kazi. Asubuhi moja bafuni, sabuni ikamnukia. Aliinusa mpaka povu likamwingia puani, akacheka peke yake kama mwehu. Njiani alinusa vumbi lenye mvua, kazini akanusa vitunguu, akanusa hata kwapa la mlinzi wa getini, na vyote akavishukuru.

Kisha shemeji akaleta nyama ya mchana kutoka stoo.

Lahaula! Uvundo ule ulimpiga akashika ukuta. Kumbe ndiyo sababu siku zote nyama ililetwa imeshakatwakatwa na kupakwa bizari na siki, naye mwenyewe, bwana mkubwa, akidhani anapunguziwa kazi.

"Hii imeoza," alisema.

Shemeji hakubisha hata kidogo. Alimtazama puani, si machoni. "Hivyo vidonge vinaisha lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi wiki hii pika maharage. Vikiisha, tutaendelea kama zamani."

Tarumbeta aliimwaga nyama yote, akapika maharage. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mshonaji mmoja mtu mzima aliporudisha sahani alimpigapiga bega, akamwambia pole, bila kusema pole ya nini. Hapo mpishi akaelewa kwamba wote walijua siku nyingi, wakawa wanamhurumia na kumeza. Aibu ilimshika, akatamani sakafu ipasuke.

Jioni alikuta mkewe amekaanga ile nyama ya mfuko. Ilinukia, mate yakamjaa. Haikuwa na kosa lolote. Hapo akang'amua: ilikuwa nyama ya kantini yenyewe, ile nzuri, iliyopaswa kuingia kwenye sufuria lake. Alikuwa ameila kwa miaka, akimsifu shemeji kwa ukarimu.

"Ulijua?" alimuuliza mkewe.

"Kula, inapoa."

Na alikula, msidhani alisusa. Alitafuna kipande kimoja, kilikuwa laini mno, akajichukia. Kisha akasukuma sahani.

"Kesho naenda kusaini nipasuliwe. Nikitoka, naenda moja kwa moja kwa meneja."

"Na jicho?"

"Watanibakishia moja."

Habari zilifika kwa shemeji kabla sahani hazijaoshwa. Pua ikifunguka, unga wake umemwagika. Hilo halikuhitaji mwalimu. Siku ya upasuaji alifika hospitali kabla ya wote, akapiga magoti koridoni, akaomba kwa sauti hadi jasho likamtoka. Muuguzi aliyekuwa akisukuma kitanda aliguswa sana. Alimwambia mgonjwa kwamba ana bahati, siku hizi ndugu wa kumwombea mtu namna ile hawapatikani.

Tarumbeta alimsihi afunge mlango haraka, kabla maombi yale hayajasikika mbinguni.