Kisu Ndani ya Tangi la Maji ya Chumvi

Waliokuwepo kando ya tangi ni wanne: Mama, mwenye kiwanda cha ngozi; Shemeji yake, msimamizi wa tangi hilo la maji ya chumvi ya kulowekea ngozi; Binti yake Mama, aliyehitimu chuo cha ufundi; na Karani wa stoo, ambaye aliitwa kuandika akabaki kucheka.

Kisu kimoja cha kukwangulia ngozi kilikuwa hakijaonekana tangu asubuhi. Sheria ya kiwanda ilikuwa wazi: anayeangusha kisu tangini huondolewa kwenye tangi, kwa maana kisu kilichozama huchana ngozi zote zinapokorogwa. Shemeji alikuwa amelisimamia tangi hilo kwa miaka kumi na tisa, wala hakuwa tayari kuliacha.

Ili kukitafuta kisu, Binti alikuwa amelizungushia tangi hilo la plastiki nyaya mbili za shaba zilizoungwa kwenye chombo chenye mshale na kengele.

"Waya wa kwanza unapitisha umeme unaobadilika-badilika," akaeleza, "nao unaamsha nguvu ya sumaku ndani ya maji ya chumvi. Chuma kikiwemo, nguvu hiyo inavurugika, na waya wa pili unahisi. Mshale ukitoka sifuri, kengele inalia."

"Basi weka sifuri upesi, mwanangu, tumalize," akasema Shemeji, kwa upole ambao Karani hakuwahi kuusikia.

Binti akaweka sifuri. Mshale ukatulia tuli.

"Mmeona? Tangi safi kama moyo wangu!" Shemeji akasema.

"Moyo wako naujua, shemeji," Mama akajibu, akawachukua wale wengine wawili wakatazame ngozi zilizoanikwa chumba cha pili.

Hawakukaa huko hata dakika tano. Kengele ikalia, wakarudi mbio. Shemeji alikuwa amesimama kando ya tangi, mkono mmoja umelowa hadi kwapani, wa pili umebana aproni.

"Chombo chako kibovu, mwanangu! Kinalilia maji matupu."

"Ni kweli, baba mdogo, sasa ni maji matupu," Binti akasema taratibu. "Niliweka sifuri kisu kikiwa ndani, chombo kikakihesabu kuwa sehemu ya tangi. Umekitoa, ndiyo maana kinalia. Hebu kirudishe."

Shemeji akatazama dari. Karani akashikwa na kikohozi cha ghafla. Hatimaye kisu kikatoka chini ya aproni, kikatumbukia majini. Mshale ukarudi sifuri, kengele ikanyamaza.

Mama akatangaza mbele ya wote:

"Kuanzia kesho tangi ni la Binti. Shemeji, utakwangua ngozi mezani, mbali na maji. Na wewe mwanangu, uliyeweka sifuri bila kuhakikisha tangi halina kitu, leo utalikausha lote kwa ndoo. Baba yako mdogo atakushikia ngazi."