Mtani wa Ujiji Ndani ya Mtumbwi

Mtumbwi ulikuwa umekwisha kuachana na ukingo wa Kindu. Okito anapiga kasia nyuma, mzee Onema ameketi juu ya mzigo wake kama kuku anayeatamia. Shamba lake la kijijini Tunda mzee amemwachia dada yake Euphrasie, na godoro pia, maana kurudi hakukuwa katika hesabu zake. Ng'ambo, Alunguli, pikipiki inamngoja. Halafu Kasongo, Kabambare, Ziwa Tanganyika, na mwisho Ujiji kwa Aziza.

Aziza ndiye aliyempokea mwaka wa tisini na nane, alipokimbia bunduki. Miaka minne walikula sahani moja. Kisha Onema akamwambia anakwenda kuangalia kama Kindu ingali pale, atarudi. Akapita Pangi, akapita mji wa Kama, akafika hata Lubumbashi. Kurudi hakurudi.

Mbele yake alikaa mwanaume mnene mwenye robota la nyavu. Jina lake Soudi, mwuzaji, kwao Ujiji. Kusikia Ujiji, Onema akasahau uzee. Kule majirani wana utani: unamtukana mwenzako hata msibani, naye hana ruhusa ya kukasirika; akikasirika, analipa. Onema akaanza yeye, kwa Kiswahili cha Kindu.

"Ninyi njo watu munalaza dagaa kwa mukeka, bibi zenu wanalala chini."

Soudi akafurahi sana. Tangu aingie Kongo hakuna aliyemtukana vizuri namna hiyo. Basi Onema akamwuliza habari za Aziza wa karibu na kisima, yule muuza mawese, akajitaja jina na kuongeza kwa kujisifu kwamba ni mke wake.

Soudi akajibu kwamba ameolewa na polisi mwenye meno ya dhahabu. Abiria wakacheka. Onema akauliza tena, taratibu. Akaambiwa Aziza amekuwa kipofu, kwa hiyo aende tu bila wasiwasi, uso huo hatauona. Okito alicheka mpaka mtumbwi ukaanza kufuata maji. Mara ya tatu aliambiwa Aziza amemwita mbuzi wake Onema, kwa sababu naye hukata kamba.

"Bwana, naomba jibu moja tu."

"Umekasirika, mtani. Lipa."

Akalipa karanga zake za njiani, na akazitazama zikitafunwa. Angemlaumu nani? Mlango huo aliufungua mwenyewe, sasa haufungiki.

Walipogusa Alunguli akamshika Soudi mkono wa shati.

"Acha utani kwanza. Aziza iko muzima?"

Soudi akafuta mdomo. "Mzee, nilidhani unajisifu tu. Mama Aziza tulimzika mwaka ule maji ya ziwa yalipopanda. Jeneza nililibeba mimi."

Onema akamwangalia, halafu akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Hiyo njo utani mubaya kuliko zote. Rudisha karanga zangu."

Akapanda pikipiki. Soudi alimwita mara mbili. Mashine ilikuwa imekwisha kunguruma.

Onema alifika Ujiji baada ya wiki tano. Nyumba ya Aziza ilikuwa na wapangaji, kaburi alionyeshwa na jirani. Hakuwa na nauli ya kurudi. Anatengeneza viatu karibu na kisima. Soudi alimaliza nyavu zake Kindu, akaenda Kama kuuza mabeleshi kwa wachimba dhahabu. Euphrasie analima Tunda. Okito bado anavusha watu.