Nani Anamtunza Mtoto

Mimi ni dobi. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya meza ya pasi, na shati la mteja nimeliunguza mara moja tu, siku niliyosomewa barua ya baba yake mjukuu wangu.

Msomaji alikuwa Mwalimu, jirani yetu mstaafu, aliyekuja kuchukua suruali yake. Barua yenyewe Kiingereza kitupu. Baba mtu, aliyekwenda ng'ambo mtoto akiwa bado anatambaa, sasa anamtaka. Amepata kazi huko, ana nyumba, ana mke. Na kwa kuwa binti yangu ni marehemu, kuna mama, afisa wa serikali ya huko, ametumwa kuja kunihoji. Akiridhika kwamba mtoto ninamlea mimi, mtoto anabaki. Akiona baba ndiye mlezi, anapanda ndege. Mengine yote yaliyoandikwa mle ni mapambo.

"Mkalimani je?" nikauliza.

"Yupo, lakini foleni yake mwaka mzima. Ukimsubiri wewe, mtoto atasubiri kwa baba yake."

"Ala! Basi nifundishe hicho Kiingereza."

"Mahojiano ni Jumatatu ijayo, shemeji."

"Kwani nimekuuliza tarehe?"

Akaanza hapohapo. Akasema swali kubwa litakuwa moja, "Who looks after the child?", na jibu langu moja, "I look after him." Nikamwambia anieleze neno kwa neno, mimi si kasuku. Akasema "look" ni tazama, "after" ni baada, au nyuma.

"Natazama nyuma? Mwalimu, nikitazama nyuma si nitaunguza na hili?"

Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Usiyatenganishe. Yakikaa pamoja maana yake kutunza. Wewe hapo unapiga pasi. Imekukosea nini hiyo pasi mpaka uipige?"

Hapo nikaelewa. Wiki nzima nikawa napiga pasi huku nasema. Kola, "I look after him." Mkono wa kulia, "I look after him." Mwalimu anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananiuliza kwa sauti nzito ya kizungu, ananibadilishia. Nani anamtunza jirani? "She looks after him." Nani anawatunza wagonjwa? "The nurse looks after them." Nikikosea anagonga meza kwa kijiti kama niko darasa la pili. Kufika Jumamosi sikuwa nakosea tena.

Masomo yote hayo mjukuu wangu alikuwa shuleni. Kwangu yeye ni mume wangu, ndivyo ninavyomwita, na yeye akitaka kunitania ananiambia chai haina sukari, ataoa mke mwingine. Ana miaka minane.

Sasa nitasema jambo ambalo hata Mwalimu sikumwambia. Watoto wa pale kwetu, wana midomo wale, walikuwa wanamwita Katupwa. Eti baba yake kamtupa. Siku ya kwanza alipokuja kuniuliza kama ni kweli, nilipandwa na hasira, nikamwambia nani kakutupa, na hivyo viatu unadhani nani kavituma? Baba yako! Basi ikawa hivyo. Mkoba, baba katuma. Sweta, baba katuma. Mimi ninaunguza vidole kwa nguo za watu, sifa anapelekewa mwanamume ambaye hajanunua hata soksi. Sikujali. Mtoto alikuwa anatoka nje kifua mbele.

Jumatatu tukafika ofisini mapema. Mtoto aliandikwa kwenye barua kwamba lazima awepo. Yule mama alikuwa mtu wa makamo, mpole, akamkaribisha mtoto kiti karibu na changu. Akauliza jina, nikajibu. Umri, nikajibu. Akaandika, akainua uso.

"And who looks after him?"

Nilielewa. Wallahi nilielewa kila neno, kana kwamba kaniuliza kwa Kiswahili. Nikafungua mdomo, na mkono mdogo ukaingia ndani ya wangu. Nikageuka. Mume wangu ananitazama. Shuleni kwao wanafundishwa Kiingereza, kwa hiyo naye ameelewa, anasubiri jibu.

Nikamwona Katupwa. Nikaona nikisema ni mimi, nimemwambia mwanangu mbele ya mgeni kwamba wale watoto walisema kweli.

"His father," nikasema. "His father looks after him." Na kama hiyo haikutosha, Mungu anisamehe, nikaongeza, "Very good."

Palepale nikapanga mtoto atoke kidogo, nimweleze yule mama ukweli tukiwa wawili. Lakini Kiingereza cha kusema mtoto atoke kidogo sikuwa nacho. Mwalimu hakunifundisha, na mimi sikumwuliza. Nikaonyesha mlango kwa kidole, yule mama akadhani nataka kwenda zangu. Akatabasamu, akaniashiria nisubiri. Akamgeukia mtoto, akamwuliza swali lilelile.

Mtoto alinitazama mimi kwanza.

"My father looks after me," akasema. "He sends everything."

Yule mama akaandika. Akanisogezea karatasi, akaniwekea kidole mahali pa kutia sahihi, na mimi mjinga, huku mtoto ananitazama, nikatia.

Nje nilimkalisha mtoto kwenye benchi, nikamrudia karani wa mlangoni mbio. Huyo tunaelewana lugha. Nikamwambia dada yangu, nimesema uongo mle ndani, nirudishe dakika moja tu.

"Bibi, umeshasaini," akasema. "Na mtoto kasema hivyohivyo. Yangetofautiana ningekuitia. Labda ukaandike barua."

"Barua gani?"

"Ya Kiingereza. Ila huyu mama anaondoka kesho." Akaita namba inayofuata.

Nilirudi kwenye benchi. Mtoto akanisogelea sikioni.

"Bibi, nilijibu sawa?"

"Ulijibu nini?"

"Kwamba baba ndiye ananitunza. Nilitaka kusema ni wewe, lakini wewe ulishasema baba. Nikaona nikisema tofauti watakuona mwongo."

"Ulitaka kusema mimi? Si baba yako ndiye anayetuma vitu?"

Akainamisha kichwa, akawa anachezea kifungo cha shati. "Bibi, baba hatumi. Mimi najua."

"Tangu lini?"

"Zamani tu. Ila ulikuwa unafurahi ukisema, ndiyo maana nilinyamaza."

Nililia palepale, watu wanapita na mafaili yao, na wala sikuona aibu. Mtoto akavua sweta lake akanipa nijifute.

"Usilie, mke wangu," akasema. "Nimekusaidia vizuri. Sasa si wataniacha nibaki na wewe?"